Nani Kaleta Kutu kwa Mama Dawa?

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la dawa, kwenye uwanja mdogo ambao zamani ulikuwa vumbi tupu na mwaka huu umewekwa pavingi: vitofali vya kijivu katikati, vyekundu pembeni, vimepangwa vikapangika. Mali yetu ni benchi moja la chuma, zito kama jiwe la kusagia, nasi tunahama nalo kufuata kivuli. Asubuhi tunalisogeza ukutani, saa sita tunaliburuta mpaka chini ya kibaraza, jioni linakwenda kona ya mfereji. Wakaaji wake wanajulikana. Yupo Cheche, fundi wa kuchomelea, ambaye masikio yake yaliliwa na mashine ya kukatia vyuma. Ukimwambia neno mwambie kwa sauti, naye atakujibu kwa sauti zaidi. Yupo Redio, karani mstaafu, mtu asiye na kitufe cha kuzimia. Yupo Misemo, mlinzi wa bohari, ambaye akitoka zamu badala ya kwenda kulala anakuja kutupiga methali. Yupo Birika, muuza kahawa, ambaye jina lake la kuzaliwa nadhani hata mkewe kalisahau. Na nipo mimi, fundi viatu. Sanduku langu liko papo hapo, nashona soli huku nasikiliza upuuzi. Watu nawatazama kuanzia miguuni, maana uso unaweza kukudanganya lakini kisigino hakina unafiki.

Asubuhi hiyo Birika alikuwa bado anapanga vikombe, Mama Dawa akatoka dukani na koti lake jeupe. Yeye ndiye mwenye duka na mwenye uwanja. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Mama Dawa akiwa na hasira hutania.

Mama Dawa: Hamjambo wazee wangu?

Sisi: Hatujambo mama, karibu kahawa.

Mama Dawa: Kahawa baadaye. (Akamgeukia Cheche) Baba Fundi, binti yako kanipigia simu. Anakuja leo mchana kung'oa vitofali vyote vyenye kutu, aweke vipya. Kwa gharama yake mwenyewe.

Cheche: Vyote?

Mama Dawa: Vyote. Na sikumlazimisha. Mtoto ana adabu zake, hilo sikatai. Lakini mzee wangu, kazi yake imeota kutu! Hata mwaka haujatimia. Naambiwa ni mchanga, ulikuwa na vumbi la chuma. Sasa kuna mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo, anataka uwanja wote wa shule uwekwe pavingi. Kaniuliza, fundi wako vipi? Mimi uongo sijui kusema. Nimemwambia njoo uone kwa macho yako.

Akarudi ndani. Cheche alibaki ameshika kikombe, hanywi. Huyo binti ni mwanawe wa mwisho, na ndiye pekee aliyeshika ufundi. Mzee alitaka kumrithisha mashine ya kuchomelea, binti akamwambia, baba, chuma kina kelele mno. Akaenda kujifunza pavingi kwa watu, akabeba mchanga, akachekwa na wanaume, akavumilia. Uwanja huu ndio kazi yake ya kwanza kupewa kwa jina lake. Siku aliyokabidhi, Cheche alivua viatu kabla ya kukanyaga, mtu mzima na soksi zake zilizotoboka, akazunguka uwanja mzima akivihesabu vitofali kama vile ni wajukuu. Siku hiyo hiyo akatuletea benchi hili, zawadi. Akalipiga kofi akasema, "Rangi mikono miwili, nimepaka nikarudia. Chuma changu hakishiki kutu." Kauli hiyo tumeisikia kuliko salamu.

Redio: Basi jamani, mchana bado mbali. Tuyaondoe haya madoa kabla binti hajafika. Akija akute uwanja unang'aa, huyo mwalimu mkuu naye akija akute unang'aa. Tatizo limekwisha.

Birika: Tuyaondoe na nini?

Redio: Kuna dawa ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Inatoa wino, inatoa damu, inatoa chai. Itashindwa kutu?

Misemo: Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Mimi: Nani kavua nguo hapa?

Misemo: Si tunazungumzia dawa ya nguo?

Redio nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Alikwenda akarudi na chupa, na nyuma yake tulisikia sauti ya mkewe ikiuliza chupa inakwenda wapi. Akachagua doa moja karibu na kizingiti cha duka, akamimina kama mtu anayemwagilia maua. Tukainama wote. Tukangoja. Kitofali kilianza kuwa cheupe pande zote, cheupe pee, na katikati doa la kutu likabaki pale pale, sasa limekolea kuliko mwanzo. Tulikuwa na doa. Sasa tukawa na doa lenye fremu.

Birika: Mzee, hiyo umeipamba.

Redio: Subirini, inafanya kazi ndani kwa ndani.

Cheche: (kwa sauti ya kuamsha maiti) Usimwage tena! Unaharibu kazi ya mtoto!

Redio: Basi tulete maji ya betri. Yale hayachezewi.

Cheche: Maji ya betri yatakula saruji yenyewe! Kutu itaondoka na kitofali chake, tubaki na shimo. Kutu ni ya kusugua. Brashi ya waya, mkono wa mwanamume, basi.

Mimi: Si ulishasugua wewe wiki iliyopita, pale ukutani?

Tukageuza shingo kutazama pale ukutani. Jamani, brashi ya waya ni chuma. Alisugua ikaacha vipande vyake vidogo vidogo kwenye matundu ya vitofali, umande ukavikuta, na pale palipokuwa na doa moja sasa kulikuwa na mama na watoto wake wengi. Cheche akakohoa. Brashi haikutajwa tena.

Misemo: Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Methali hiyo ni ya kuweka akiba, wewe.

Misemo: Na kutu si inaongezeka? Hiyo nayo ni akiba.

Sasa huyu Misemo ana desturi ya kutembea na ndimu mfukoni. Anasema usingizi ukimjia kazini anailamba, macho yanafunguka. Akaitoa, akaomba wembe wangu wa kukatia ngozi. Sikutaka kumpa. Nikampa. Birika naye akachangia chumvi, maana mteja wake mmoja hunywa kahawa na chumvi, sitamtaja kwa sababu ni Redio.

Misemo: Mke wangu akipata kutu kwenye shuka kutokana na kamba ya kuanikia, anaweka ndimu na chumvi, anaacha kidogo, anasuuza. Inatoka.

Redio: Shuka na kitofali ni kitu kimoja?

Misemo: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hatukupata maana, lakini ndimu ilikamuliwa kwenye doa moja chini ya kibaraza, chumvi ikanyunyizwa, tukakaa tunalitazama. Baadaye Misemo akasugua kwa brashi yangu ya viatu, ile ya nywele laini, isiyo na waya. Birika akamwaga maji ya kusuuzia. Na doa, Mungu si babu yetu, lilikuwa limefifia! Halijaondoka lote, lakini ile rangi ya chungwa ilikuwa imekuwa kama kivuli cha chai.

Birika: Weee!

Redio: Mimi nilisema tangu mwanzo, kitu chochote chenye uchachu.

Cheche alimkumbatia Misemo. Sijawahi kumwona akimkumbatia mtu asiyekuwa na msiba. Furaha ilituzidi, tukasema tusogee tukautazame vizuri ushindi wetu. Tukanyanyuka wote, tukaliburuta benchi, krrrr, tukaliweka papo hapo kwenye vitofali vilivyoloa, tukakaa kuizunguka kazi yetu kwa macho. Birika akasuuza vikombe, na maji ya kusuuzia akayatupa chini ya benchi kama anavyofanya kila siku, kwa sababu akiyatupa mbele anawamwagia wapita njia.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja na mwavuli. Viatu vyeusi vya kisigino kifupi, vimeshonwa upya mara moja, kazi nzuri lakini si yangu. Alitusalimia, tukaitikia, tukadhani anakwenda dukani. Lakini alisimama pembeni akaangalia uwanja. Birika, kwa biashara, akamsogezea kigoda chake na kikombe. Akakaa, akashukuru, akanyamaza. Sisi tukaendelea, maana mgeni akinyamaza kijiweni huonekana kuwa ni hadhira.

Birika: Sasa mabwana, tumemaliza doa moja. Mangapi yamebaki? Hata tukinunua ndimu za soko zima, sawa, tutayatoa. Lakini kesho si yatarudi? Hii kutu inatoka wapi?

Redio: Swali zuri. Nimelifikiria. Mnajua mabati ya ule mgahawa mtaa wa nyuma? Yameoza yote. Mvua ikinyesha upepo unavuta maji ya kutu, unayaleta hapa.

Mimi: Upepo uruke nyumba zote uje kudondoka kwa Mama Dawa tu?

Redio: Upepo una njia zake kama barabara. Na kama si bati, basi ni chini. Chini ya uwanja huu pamezikwa gari.

Cheche: Gari?

Redio: Lori. La zamani. Watu walikuwa wakizika vitu, nyinyi hamjui. Lori linaoza huko chini, kutu inapanda juu inatafuta hewa. Mnaona yalivyotawanyika? Huku tairi la mbele, kule la nyuma.

Cheche: Mwanangu alichimba hapa msingi, akashindilia mchanga. Angekosaje kuona lori?

Redio: Halijakaa juu juu. Limekwenda chini. Vitu vizito huzama.

Misemo: Kikulacho ki nguoni mwako.

Kila mtu akajikagua shati. Birika hata akageuza kola yake. Hakuna aliyeona kitu, tukarudi kwenye lori.

Misemo: Mimi lori silikubali. Hebu yatazameni yale madoa makubwa ya ukutani. Moja, mbili, tatu, nne. Sasa yale ya chini ya kibaraza. Manne. Yale ya kona ya mfereji. Manne, na mengine manne yamepandana. Yanakwenda manne manne.

Tukahesabu. Wallahi, ilikuwa kweli. Mimi ninayetazama chini maisha yangu yote sikuwa nimeliona hilo, nikaona wivu kwamba ameliona mlinzi anayesinzia.

Redio: Manne manne! Basi hizo ni nyayo!

Birika: Nyayo za nini?

Redio: Kitu chenye miguu minne, na miguu yenyewe ina chuma. Kitu gani kina miguu minne yenye chuma?

Sikuwa na nia ya kuchangia, lakini jamani, kuna mtu aliyeuliza habari ya viatu.

Mimi: Punda. Punda aliyepigiliwa viatu vya chuma.

Redio: Punda! Haswa! Fundi viatu kasema, na hilo ni neno la mtaalamu. Kuna punda anakuja hapa.

Birika: Mbona hatumwoni?

Redio: Anakuja sisi tukiwa hatupo.

Misemo: Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Cheche: Ngoja. Ngojeni. Haya madoa ni ya mraba. Punda gani ana kwato za mraba?

Redio: Huyo mwenye punda kampeleka kwa fundi mbaya. Au ni mambo ya kisasa.

Mimi: Na hayasogei. Punda akitembea ataacha nyayo njia nzima. Huyu anaonekana kasimama tu. Anatua hapa, kasimama. Anatua kule, kasimama. Bila kutembea katikati.

Redio: Kwa hiyo anaruka.

Birika: Punda anaruka?

Redio: Nimesema nini mimi? Tuna punda mzito, mwenye viatu vya mraba, mvivu, anayeruka kutoka kivuli kimoja hadi kingine. Maana tazameni, mahali pote anaposimama ni penye kivuli. Asubuhi ukutani. Saa sita kibarazani. Jioni kona ya mfereji.

Birika: Kama sisi tu!

Tulicheka. Misemo alicheka mpaka akamwaga kahawa. Cheche alicheka kwa mara ya kwanza tangu Mama Dawa arudi dukani, akampiga Redio mgongoni, akasema punda huyo bwana ana akili, anajua maisha, akikamatwa apewe kahawa. Moyo wangu ukafurahi kumwona hivyo. Alikuwa na matumaini kabisa. Kutu ya punda si kosa la fundi pavingi. Alishaanza kupanga atakavyomweleza Mama Dawa, atakavyoweka mtego, na huyo mwenye punda atakavyokuja kuomba radhi kwa binti yake mbele ya watu.

Yule mama mgeni hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu.

Mgeni: Samahani wazee wangu. Naweza kuuliza?

Redio: Uliza mama. Hapa hakuna swali linalolala bila jibu.

Misemo: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni: Hilo benchi mlilokalia lina miguu mingapi?

Mtoto wa chekechea angejibu. Sisi tulikuwa watu wazima wanne tumelikalia, wa tano amesimama mbele yake na birika. Redio, ambaye hajawahi kuzimika, alizimika. Misemo alitafuta methali juu angani na hakuipata. Mimi niliinama kama nafuta kiatu, nikachungulia kati ya miguu yangu. Mguu wa benchi ulikuwa bomba la mraba. Ubavuni rangi ilikuwepo, mikono miwili, hakusema uongo. Lakini kule chini kwenye unyayo, kule linakoburutwa kutwa kucha kufuata kivuli, rangi ilikuwa imelika yote, na maji ya vikombe ya Birika yalikuwa yamezunguka chuma kitupu, yameanza kugeuka rangi ya chai ya rangi. Juu ya kitofali kile kile tulichokitakasa kwa ndimu.

Nikainua macho, nikakutana na ya Cheche. Alikuwa ameinama upande wake. Alikuwa ameona.

Birika: Kahawa imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Nilisikia birika likicheza na maji yake. Lakini alikuwa anamtafutia mzee mlango wa kutokea. Tungesema kahawa imekwisha, tungenyanyuka, kila mtu na njia yake, na mchana binti angekuja kung'oa vitofali vyake. Jioni tungeliburuta benchi kona ya mfereji. Nani angesema? Nasema kweli, mimi nilishaanza kufunga sanduku. Chuma cha Cheche hakishiki kutu. Mtu mzima hakirudishi kinywani kitu alichokisema mara zote hizo.

Cheche: Minne.

Mgeni: Naam, baba?

Cheche: Miguu minne, mama. Nimeichomelea mwenyewe. Bomba nimelichagua mwenyewe, rangi nimepaka mwenyewe. Chini sikupaka vizuri, nilisema nani atatazama chini. Kofia za mpira za kuvisha miguuni nilikuwa nazo karakanani kwangu, nikasema za nini, chuma changu hakishiki kutu. Wewe ni mwalimu mkuu?

Mgeni: Ndiye mimi.

Cheche: Basi nyanyukeni! Nyanyukeni wote!

Tukanyanyuka. Akatoa simu. Ujue kwamba Cheche kwa masikio yake hazungumzi na simu ila kwa spika, tena ameishika mbele ya uso kama kioo cha kunyolea, kwa hiyo mambo ya nyumba yake tunayajua yote.

Cheche: Mwanangu!

Binti: Shikamoo baba. Niko njiani, nimeshakodi mkokoteni wa vitofali.

Cheche: Marahaba. Urudishe. Usije na sururu. Mchanga wako mzuri. Kazi yako nzuri. Ni benchi. Unanisikia? Ni benchi langu!

Tulisikia tu gurudumu la mkokoteni likilia kwa mbali, kisha likasimama.

Binti: Najua, baba.

Cheche: Unajua nini?

Binti: Najua ni benchi. Nilijua siku ile nilipokuja kutazama, nikaona madoa yamekaa manne manne.

Cheche: Na ulikuwa unakuja kung'oa?

Binti: Ndiyo.

Cheche: Uweke vipya, halafu?

Binti: Nilisema nitakununulia zile kofia za mpira, nizivishe wakati nikiweka vitofali. Hungegundua.

Cheche: Sasa mbona hukusema? Unaharibikiwa jina, mama mzima wa shule anakuja, unanyamaza?

Binti: Baba, uliwaambia wenzako wote chuma chako hakishiki kutu. Niseme nini mimi? Vitofali vinapatikana.

Sikuwahi kuona mtu akipigwa na neno dogo namna ile. Misemo alitazama pembeni. Redio alivua miwani akaifuta na shati, na shati lenyewe lilikuwa chafu. Mimi nina mabinti wawili, nikajiuliza ni mangapi wameyanunua kwa siri ili mimi niendelee kusema ninayoyasema. Yule mwalimu mkuu alikuwa amesimama na mwavuli wake, na machozi yalikuwa karibu.

Cheche akampa simu.

Cheche: Zungumza naye, mama. Huyo ndiye fundi.

Halafu akainama, akalishika benchi katikati, akalinyanyua. Lile benchi tunalolibeba watu watatu kwa kugombana! Tukakimbilia kumsaidia, akatufukuza kwa kiwiko. Akalitoa mpaka kwenye udongo nje ya uwanja, akalipindua, miguu juu, ile minne yote ikatazama mbingu na nyayo zake nyekundu. Akajipangusa mikono kwenye suruali. Kisha akavua viatu, akapita juu ya vitofali kwa soksi mpaka kwenye dirisha la duka la dawa, ambako kulikuwa na foleni ya wagonjwa sita au saba na mama mjamzito.

Cheche: Mama Dawa!

Mama Dawa: Abee, Baba Fundi. Kuna nini?

Cheche: Fundi wa pavingi hana kosa! Aliyeleta kutu hapa ni mimi!

Mama Dawa: Taratibu baba, nasikia.

Cheche: Mimi! Na chuma changu! Kinashika kutu kama chuma cha mtu mwingine yeyote!

Foleni nzima iligeuka. Ng'ambo ya barabara mke wa Redio alitokea dirishani, na wale wa mgahawa wa nyuma wakatoka na sahani mikononi kuuliza kuna nini. Masikio yake ni mabovu, kwa hiyo alipaza sauti na mtaa wote ukasikia. Lakini nilimtazama mgongo wake ulivyosimama, na nadhani hata angekuwa na masikio ya mtoto mchanga, angepaza vile vile.